Tangazo linavyokushika: mbinu za wafanyabiashara kutoka mnadani hadi redioni

Siku ya mnada pale Katesh, masikio hufika kabla ya macho. Hata hujashuka kwenye bodaboda, tayari unasikia vipaza sauti vitatu au vinne vikishindana: "Elfu mbili, elfu mbili, chagua mwenyewe!" Sauti imerekodiwa na inarudia maneno yale yale tangu asubuhi hadi jua linapozama. Ukisogea kidogo unamkuta muuza sahani za plastiki ngumu akizibamiza chini mbele ya watu. Hazivunjiki. Hajasema neno lolote kuhusu ubora, lakini akina mama wameshaanza kufungua vibwebwe kutoa pesa.

Hao wawili hawajasomea biashara popote. Hata hivyo mbinu wanazotumia ndizo zile zile zinazotumiwa na kampuni kubwa za simu, sabuni na vinywaji kwenye redio, televisheni na mabango ya barabarani. Katika makala hii tunaeleza mbinu hizo moja baada ya nyingine, namna zinavyofanya kazi kichwani mwa mteja, na mahali ambapo ubunifu huacha kuwa ubunifu ukawa mtego. Mwandishi wa makala hii ni mtangazaji wa redio, na baadhi ya matangazo unayoyasikia yamepita mdomoni mwake. Kwa hiyo tutasema pia yale ambayo kwa kawaida hayasemwi hewani.

Neno moja, kazi mbili

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili tunasema "tangazo la kifo", "tangazo la mkutano wa kijiji", "tangazo la chanjo ya mifugo", na tunasema pia "tangazo la sabuni". Anayesoma taarifa ya habari ni mtangazaji, na anayesifia godoro ni mtangazaji. Lugha nyingine zina maneno mawili tofauti kwa kazi hizi mbili. Sisi tuna moja.

Hili si jambo dogo. Mtu aliyekulia Dongobesh au Bassotu amezoea kwamba redio ikitangaza jambo, jambo hilo lipo: mkutano upo, msiba upo, chanjo ipo. Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalipoikumba Katesh na vijiji jirani, watu waliweka sikio redioni kutafuta habari za ndugu zao na maelekezo ya serikali. Imani ya namna hiyo hujengwa kwa miaka mingi. Tangazo la biashara linapopita kwenye redio hiyo hiyo, kwa sauti ile ile, linaikuta imani hiyo imeshatandikwa na linaikalia bila kuulizwa. Ndiyo maana msikilizaji akisimulia alichosikia hasemi "mfanyabiashara fulani amesema". Anasema, "Redio imesema."

Hatua nne za mteja

Wataalamu wa matangazo, tangu mwishoni mwa karne ya 19 huko Marekani, wamekuwa wakieleza safari ya mteja kwa hatua nne: kwanza umshitue asikilize, pili umfanye avutiwe, tatu umfanye atamani, nne umfanye achukue hatua. Karibu kila tangazo unalolisikia limejengwa juu ya hatua hizi, hata kama aliyeliandika hajawahi kuzisikia.

Rudi kwa muuza sahani. Kishindo cha sahani kinakushitua. Kuona haijavunjika kunakuvutia. Kukumbuka vikombe vilivyovunjwa na watoto nyumbani kunakutia tamaa. Na anaposema "zimebaki sita tu", mkono unaingia mfukoni. Hatua zote nne zimekwisha kabla hujahesabu pesa ya nauli ya kurudi.

Redioni kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu hatuna sahani ya kukuonyesha. Tangazo fupi, ambalo studio tunaliita spoti, mara nyingi huwa la sekunde 30. Ukisoma kwa mwendo wa kawaida, hapo hayaingii maneno mengi kuliko aya moja fupi. Ndani ya maneno hayo lazima jina la bidhaa litajwe walau mara mbili au tatu. Kinachobaki ndicho cha ubunifu.

Mbinu zinazotumika zaidi

1. Sauti inayokatiza

Sikio la binadamu huzoea haraka. Ukisikia sauti moja kwa muda mrefu, unaacha kuisikia. Kwa hiyo mwandishi wa tangazo hutafuta kitu kitakachokatiza mazoea: mtoto anayelia, simu inayoita, breki ya gari, au mtu anayebisha "hodi, hodi". Wengi wetu tumewahi kugeuka kutazama mlango kwa sababu ya hodi iliyotoka redioni. Wakati mwingine ukimya wa sekunde mbili hufanya kazi kuliko kelele, kwa sababu redio ikinyamaza ghafla mtu hudhani betri imekwisha, na tayari ameshaikazia masikio.

2. Kurudia na kuimba

Mwaka 1968 mtaalamu wa saikolojia Robert Zajonc alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu huanza kupenda kitu kwa sababu tu wamekutana nacho mara nyingi, hata kama hawakijui vizuri. Hiyo ndiyo siri ya spoti moja kupigwa mara nane kwa siku. Lengo si ununue leo. Lengo ni kwamba siku ukisimama mbele ya rafu dukani ukakuta sabuni mbili za bei moja, mkono wako uende kwenye ile ambayo jina lake unalijua.

Wimbo unasaidia zaidi, kwa sababu maneno yaliyoimbwa hukaa kichwani bila kuombwa. Jingo fupi la sekunde tano mtoto wa chekechea anaweza kuliimba njia nzima. Tanzania ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1970 kiwanda cha nguo cha Urafiki cha Dar es Salaam kilianzisha bendi yake, Urafiki Jazz, na kulitangaza jina la kiwanda ilikuwa sehemu ya kazi yake. Shirika la Bima la Taifa nalo lilikuwa na bendi, Bima Lee. Watu walicheza dansi, na jina la kiwanda au la shirika likaenda nao nyumbani.

Kurudia kukifanikiwa sana, jina la kampuni huwa jina la kitu chenyewe. Fikiria mara ngapi umesikia mtu dukani akiomba "kolgeti" na kupewa dawa ya meno ya kampuni nyingine bila kulalamika. Rangi ya viatu ni "kiwi", nepi za watoto ni "pampasi", na pikipiki ya magurudumu matatu ni "bajaji", jina lililotokana na kampuni ya India inayozitengeneza. Hakuna tangazo linaloshinda hilo, maana sasa mteja mwenyewe ndiye analitangaza.

3. Rangi na ukuta

Pita barabara ya kutoka Katesh kwenda Singida, au panda kwenda Mbulu mjini hadi Haydom, uangalie maduka. Mengi yamepakwa rangi ya kampuni ya simu au ya soda kuanzia msingi hadi paa, na jina la mwenye duka limeandikwa kwa herufi ndogo chini. Mwenye duka amepata rangi au kibao. Kampuni imepata ukuta unaoonekana na kila mtu anayekwenda kisimani, shuleni na zahanati.

Rangi inafanya kazi hata kwa asiyejua kusoma. Mtoto hamtumwi "dukani kwa fulani" bali "pale kwenye duka jekundu". Angalia pia kwamba kampuni ikibadilisha jina, kama Tigo ilivyokuwa Yas mwishoni mwa 2024, kazi kubwa inayofuata ni kupaka upya kuta na kurudia jina jipya kwa wingi mpaka la zamani lisahaulike.

4. Hadithi

Mtu anayeelezwa jambo hubishana. Mtu anayesimuliwa hadithi husubiri kujua mwisho wake. Ndiyo maana matangazo mengi ya redio ni mazungumzo: mke na mume, fundi na mteja, mama mkwe na mkwe wake. Mmoja ana shida, mwingine anaitaja bidhaa, shida inakwisha, wote wanacheka.

Nguvu ya hadithi si ya biashara peke yake. Kuanzia Julai 1993 Radio Tanzania ilirusha mchezo ulioitwa Twende na Wakati, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Mmoja wa wahusika wake, dereva wa lori aitwaye Mkwaju, aliishi ovyo na akaishia kuugua. Kwa miaka miwili ya mwanzo mchezo huo haukurushwa Dodoma, ili watafiti waweze kulinganisha waliousikia na wasiousikia. Walikuta kwamba kwenye maeneo yaliyousikia, watu wengi zaidi walianza kutumia uzazi wa mpango na kuchukua tahadhari dhidi ya UKIMWI. Hadithi iliyoweza kuokoa maisha ina nguvu ile ile ya kuuza sabuni, na ya kuuza uongo.

5. Sauti unayoiamini

Kampuni kubwa hutumia wasanii na wachezaji mpira. Huku kwetu mara nyingi hutumia mtangazaji mwenyewe. Badala ya spoti iliyorekodiwa, mtangazaji anataja bidhaa katikati ya kipindi chake, kama anayeongea na rafiki: "Mimi mwenyewe jana nilipita pale nikanunua." Kutaja kwa namna hii huvutia wafanyabiashara kwa sababu msikilizaji hajui kama kipindi kimesimama na tangazo limeanza.

Mnadani nako kuna mbinu ya namna hiyo. Muuzaji anaweka vijana wawili katikati ya umati. Wanajifanya wateja, wananunua kwa shangwe, na wengine wanafuata. Tunapoona wenzetu wamekubali, tunahisi ukaguzi umeshafanyika.

6. Bei na haraka

Shati la 9,900 linaonekana la elfu tisa na kitu, ingawa chenji yake haitoshi hata maandazi mawili. "Punguzo la hadi asilimia 50" maana yake kitu kimoja kimepunguzwa nusu na vingine huenda vimepunguzwa kidogo sana. "Bei kuanzia" ni bei ya kile kidogo kuliko vyote, ambacho mara nyingi kimekwisha.

Kuhusu haraka, mwaka 1975 mtafiti Stephen Worchel na wenzake waliwapa watu biskuti za aina moja, wengine kutoka chupa yenye biskuti kumi, wengine kutoka chupa yenye mbili. Waliopewa kutoka chupa ya biskuti mbili walizithamini zaidi. Biskuti zilikuwa zile zile. Kwa hiyo "ofa inaisha leo", "mzigo wa mwisho" na "zimebaki sita tu" havielezi chochote kuhusu bidhaa. Vinakuondolea muda wa kufikiri.

7. Maneno ya nyumbani

Tangazo zuri huongea kwa picha ambazo msikilizaji anaziishi. Kwa mkulima wa ngano wa Hanang au wa kitunguu saumu wa Mbulu, mtu akisema "vuna usipopanda" anaeleweka kuliko akitaja asilimia ya faida. Mnadani muuzaji hodari humwona mzee wa Kibarbaig aliyejifunga shuka, akamsalimia kwa Kidatoga. Akimwona mama wa Kiiraqw anageuza ulimi. Mteja aliyesalimiwa kwa lugha ya mama yake huona ugumu kuondoka bila kugusa bidhaa.

Hapa ndipo pa kukumbuka DECI. Taasisi hiyo, iliyosambaa mikoa mingi ya Tanzania kabla ya kusimamishwa mwaka 2009, haikuwaambia watu "leteni akiba". Iliwaambia wapande mbegu ili wavune. Mbegu ilikuwa pesa yao, na mavuno yalikuwa pesa ya waliojiunga nyuma yao. Waliokuja mwishoni walipoteza, na viongozi wake walifikishwa mahakamani na kutiwa hatiani. Kila mkulima anajua kwamba shamba halitoi mavuno kwa kuongeza wapandaji. Lakini neno "mbegu" liliingia moyoni kabla ya hesabu kuingia kichwani.

Ubunifu unapogeuka mtego

Miaka kadhaa iliyopita niliwahi kusoma tangazo la muuza dawa ya maungo. Jina lake halina kazi hapa. Karatasi aliyoleta ilikuwa na mambo yote mazuri ya kitabu: mzee anayeshindwa kuinuka kitini, mjukuu anayeleta chupa, mzee anayecheza ngoma harusini. Niliisoma vizuri. Nilibadilisha hata sauti ya mzee, na wenzangu studio walicheka.

Miezi michache baadaye, mnadani, bibi mmoja aliitambua sauti yangu nilipokuwa nikipatana bei ya nyanya. Alinishika mkono. Aliniambia aliuza madebe mawili ya maharage kununua chupa tatu za ile dawa, na magoti bado yanamuuma. Hakuwa na hasira. Alichosema ni hiki tu: "Mwanangu, nilijua wewe huwezi kunidanganya."

Sikuwa nimemdanganya kwa maneno yangu, nilisoma karatasi ya mtu. Lakini yeye hakuwa amemwamini mwenye karatasi, hakumjua. Aliniamini mimi, kwa sababu asubuhi hiyo hiyo ndimi niliyemsomea tangazo la msiba wa jirani yake. Tangu siku ile nimejua kwamba mtoa tangazo ananunua vitu viwili redioni: dakika, ambazo zina bei kwenye orodha, na imani ya msikilizaji, ambayo haimo kwenye orodha yoyote.

Kwa hiyo mpaka kati ya ubunifu na mtego unaweza kuuona hivi. Ubunifu hukufanya uikumbuke bidhaa ambayo sifa zake ni za kweli. Mtego hukufanya usiziulize sifa zenyewe. Sahani iliyobamizwa chini mbele yako ni ubunifu na ni ushahidi pia. Mzee wa kwenye hadithi anayecheza harusini ni ubunifu tu. Hathibitishi kitu, kwa kuwa hayupo.

Sheria zinasemaje

Tanzania ina sheria kuhusu jambo hili. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza kumpotosha mlaji kwa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa au huduma. Redio na televisheni zinasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), na kanuni za maudhui za mwaka 2018 zinataka matangazo ya biashara yatofautishwe na vipindi. Dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA, na waganga wa tiba asili wanatakiwa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Kwa wakulima, mbegu bora hukaguliwa na TOSCI, na pakiti yake huwa na lebo ya uthibitisho. Kwa mikopo, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Nyingi ya programu za namna hii hutangazwa kwa maneno matamu mno: pesa ndani ya dakika tano, bila dhamana, bila mdhamini. Riba haitajwi.

Na kuna ile sentensi ya mwisho inayosomwa mbio kama mtu anayekimbia mvua: "Vigezo na masharti kuzingatiwa." Hiyo ndiyo sentensi pekee ya tangazo inayohusu haki zako, na ndiyo pekee isiyoimbwa.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kulipa

Si lazima uogope kila tangazo. Mengi ni ya kweli na yana faida: bila matangazo usingejua kwamba trekta la kukodi limefika Endasak au kwamba bei ya mbolea imeshuka. Lakini kabla ya kutoa pesa, jiulize haya:

Nani anaongea? Ni mtangazaji anayetoa habari, au anasoma karatasi ya mfanyabiashara? Ukishindwa kujua, piga simu studio uulize. Una haki hiyo.

Ukiondoa wimbo, hadithi na kicheko, kinachobaki ni nini? Jaribu kumwambia mwenzako tangazo hilo kwa sentensi moja. Kama hakuna sifa unayoweza kuitaja, umenunua wimbo.

Haraka ni ya nani? Kitu cha kweli leo, kesho kitakuwa cha kweli bado. Kama hairuhusiwi kulala na wazo usiku mmoja, kuna sababu.

Je, imesajiliwa? Dawa, mbegu, kiuatilifu na mkopo vina wasimamizi. Ofisa kilimo wa kata, mfamasia au ofisi ya halmashauri anaweza kukusaidia kuhakiki.

Bei kamili ni ipi? Uliza riba, usafiri, gharama ya kuunganisha, na kitakachotokea usipolipa kwa wakati.

Nani alishatumia, na unamjua? Si mtu wa kwenye hadithi wala kijana aliyesimamishwa katikati ya umati. Jirani yako.

Wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi hata kizuri hulazimika kujitembeza, kwa sababu soko limejaa kelele, kwa hiyo methali hiyo haitoshi tena kutupa jibu. Kinachobaki ni kusikiliza mara mbili: mara ya kwanza kwa sikio linalopenda wimbo, mara ya pili kwa sikio la yule bibi aliyeuza maharage yake. Na sisi tulio nyuma ya kipaza sauti tunapaswa kuisoma karatasi mara mbili pia, kabla haijafika kwako.